Kimea Kilichokatazwa

"Choma yote," Mkurugenzi alisema. "Leo hii hii, kabla jua halijazama."

Leokadia Haule hakuinua uso. Alikuwa ameinamia sufuria ya uji juu ya meza ya maabara, meza ambayo kwa kanuni za Shirika haikuruhusiwa hata kikombe cha chai, na alikuwa amechovya kidole ndani. Uji ukamuunguza, akakitoa mbio, akakinyonya, akasubiri, akakirudisha. Safari hii kilivumilia. Ndipo akachota unga wa hudhurungi kwenye bakuli, akaunyunyiza juu ya uji, akaanza kukoroga.

"Leokadia, nazungumza na wewe."

"Nakusikia, Mkurugenzi. Ila huu uji hautaningoja."

Meinrad Tawete alikuwa mkuu wa Shirika la Shibe kanda yote ya kusini, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakakaribia kusimama yenyewe, na sauti ya kubembeleza ambayo ndiyo iliyomfikisha alipofika. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera Leokadia zaidi, maana angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kumchukia na yakaisha.

Mwiko ulikuwa mzito, uji umeshikana kama gundi. Wote wawili wakaukodolea macho. Kidogo kidogo mwiko ukalegea, ukaanza kuzunguka bila kusukumwa sana, na uji ule uliokuwa ukining'inia kwenye mwiko ukawa unatiririka kama maziwa. Leokadia akachukua tone, akaliweka kwenye kisahani, akalidondoshea ayodini. Kila aliyepita shule ya msingi analijua jaribio hili: penye wanga, ayodini hugeuka bluu iliyokaribia weusi. Hii haikugeuka. Ilibaki na rangi yake ya chai ya rangi.

"Onja," alisema.

"Sionji."

"Unaogopa utamu?"

"Naogopa dumuzi," Meinrad alisema, na sauti yake haikubembeleza hata kidogo.

Haya, hapa inabidi tuelewane. Dumuzi waliokuja mwaka ule wa njaa hawakuwa wale wa zamani, wa kutoboa gunia taratibu mpaka msimu uishe. Hawa walimaliza mahindi, wakamaliza makopa ya muhogo, wakahamia kwenye boriti za ghala lenyewe. Dawa waliiramba kama chumvi. Ulezi tu ndio uliowashinda, maana punje zake ni ndogo mno, lakini ulezi peke yake haulishi nchi nzima. Watu walizikwa bila sanda. Kisha Shirika likaleta mahindi mwamba, ambayo wanga wake ulisokotwa upya maabara, ukakazwa kiasi kwamba dumuzi aliyatafuna akafa njaa tumbo limejaa. Na binadamu vilevile! Ungeweza kula ugali wa mahindi mwamba asubuhi, mchana na jioni, ukavimbiwa, na bado ukakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari. Ukiuacha majini utakatika wenyewe, ndiyo, lakini hapo wewe na wajukuu zako mtakuwa mmeshaoza. Kinachoharakisha kazi ni kimeng'enya. Leokadia alipowafundisha wafanyakazi wapya hakuwa na haja ya michoro. Alikuja na muwa. Aliushika huku na huku, akaegemeza pingili kwenye goti, akaukunja, ta! Goti, aliwaambia, halina nguvu za ajabu. Limeupa muwa mahali pa kukaa, likaupinda pale penye udhaifu, basi ukakatika kwa nguvu ndogo ambayo peke yake isingefua dafu. Kimeng'enya nacho kina bonde lake. Mnyororo unaingia bondeni, bonde lenyewe linajibana kuufuata umbo, pingili inapindwa, inakatika, vipande vinatoka. Goti je? Goti liko palepale, linangoja muwa mwingine, na mwingine, na mwingine. Tatizo ni kwamba bonde la kimeng'enya kilichomo kwenye mate, mate yako na yangu, lilikuwa halilingani kabisa na mnyororo uliosokotwa wa mahindi mwamba. Ulipita hapo bila hata kugusa.

Sasa ona akili ya Shirika. Liliuza pakiti za unga wenye kimeng'enya kinacholingana, tena kisichoogopa hata maji yanayochemka. Unamwaga sufuriani, ugali unakuwa chakula. Lakini kilitengenezwa makusudi hivi kwamba kikishakata mara chache tu, goti nalo linavunjika. Kesho unanunua pakiti nyingine. Keshokutwa nyingine. Hivyo hivyo mpaka unaingia kaburini.

Ulezi wa Leokadia, alioutengeneza mwenyewe maabara, ulikuja kuharibu starehe hiyo. Uuloweke, uuoteshe, uuanike, uusage, unapata kimea kama kile cha togwa ya mabibi zetu, ila ndani yake mna kimeng'enya chenye bonde la kupokea mahindi mwamba na goti lisilovunjika. Mtu alikuwa na haja ya kipande cha shamba nyuma ya nyumba tu, pakiti kwaheri.

"Dumuzi hawezi kukitumia," Leokadia alisema. "Nimekifunga kwa joto. Kwenye baridi bonde lake limejikunja, hakiingii kitu. Linafunguka kwenye uji wa moto unaoanza kuvumilika kidoleni. Tumbo la dumuzi lina joto la ghala alilomo. Wewe umeona wapi dumuzi akijichemsha?"

"Dumuzi wa leo, sawa. Lakini tumboni mwake mna vijidudu vinavyookota vinasaba kama kuku anavyookota punje. Kimoja kiokote hicho cha kwako, kikigeuze kidogo, kifunguke kwenye baridi. Mahindi mwamba yatakuwa mahindi ya kawaida, na sisi hatuna mengine. Niapie kwamba haitatokea kamwe."

Leokadia aliendelea kukoroga uji ambao haukuhitaji tena kukorogwa.

"Nipe muda nipime," alisema.

"Bodi imeshakaa. Walinzi watakuja kuchukua magunia ya ulezi, tanuri limeshawashwa." Alifika mlangoni, akasita. "Watu wanakula, Leokadia. Wakati ule walikuwa hawali. Usijisahaulishe."

"Wanakula kwa ruhusa yenu," alimjibu, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto. Meinrad hakusema uongo. Alisema kweli, halafu akaitandaza ile kweli kama shuka juu ya uongo mkubwa zaidi, kwa sababu Bodi haikuwa ikimwogopa dumuzi. Ilimwogopa mama mwenye chungu na ulezi wake. Na hata hivyo hatari ilikuwa hatari. Akiuacha ulezi uchomwe, watu wataendelea kulipigia Shirika magoti kila wanapobandika sufuria. Akiupanda kimyakimya, atakuwa amewachezea kamari watu walewale, bila kuwaambia kwamba wamewekwa mezani. Alilipindua suala hili huku na huku, na kila alipolipindua lilimrudisha mahali pamoja. Si Bodi ya kuamua, na si yeye.

"Potelea mbali!" alisema kwa sauti, peke yake, akavua koti jeupe.

Alichukua toroli, akapakia magunia yote matatu kwenye gari lake, mchana kweupe, mbele ya kamera za ukutani zilizogeuza shingo kumfuata. Getini mlinzi alichungulia nyuma.

"Umebeba nini, Dokta?"

"Ulezi."

"Haya, safari njema."

*

Kwa shangazi yake Gaudensia, kijijini Litembelani, palikuwa na kilimo cha pamoja. Desturi haikufa na njaa: watu wanakusanyika kulima shamba la mmoja wao tangu alfajiri, zamu yako leo, zamu yangu kesho, na mwenye shamba anawapikia. Zamani walipikiwa togwa. Tangu mahindi mwamba yaje, kimea cha kawaida hakikuwa na la kufanya kwenye uji ule, na togwa ikabaki kuwa jambo la kuhadithiwa. Siku hizi wakulima walipewa ugali wa pakiti, wakala, wakaondoka bila hata wimbo.

Kwa hiyo Leokadia aliposhuka garini na kusema ameleta kimea cha kutengeneza togwa, palikuwa na kelele.

"Togwa gani tena, mwanangu?" Gaudensia alimshika mashavu kwa mikono yenye udongo. "Au huko kwenu mmerukwa na akili?"

"Onjeni kwanza ndipo mnitukane, shangazi."

Batilda, mke wa jirani, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi, alikuwa amesimamia mapipa mawili ya uji yaliyokuwa yakitokota. Leokadia alimkabidhi bakuli la kimea, akaenda kuwasaidia wanaume kuteremsha magunia. Aliporudi, Batilda alikuwa ameshamwaga kimea chote cha bakuli ndani ya pipa la kwanza, uji unachemka, kama alivyomwaga pakiti kila siku ya maisha yake ya ndoa, na anakoroga kwa madaha.

Wakangoja. Watu waliegemea majembe, wakanyoosha shingo. Uji ulikuwa mzito, ukazidi kuwa mzito.

"Dokta wetu," Batilda alisema, akiinua mwiko juu na uji ukagoma kudondoka, "hii ni togwa au gundi ya kubandikia mabango ya kampeni?"

Wakacheka, wengine mpaka wakakaa chini. Leokadia alihisi uso ukimfura kwa aibu. Akatoa kichupa chake cha ayodini, akadondoshea tone: bluu, nyeusi kabisa. Akatazama moto chini ya pipa, na ndipo akaelewa.

"Ulikitia wakati uji unachemka?"

"Sasa nikitie lini? Pakiti si ndivyo inavyotiwa?"

"Loo! Kosa ni langu, dada, sikusema. Umekiua. Kimeng'enya ni kama ute wa yai. Umbo lake ndilo kazi yake, na ukilichemsha umbo linavurugika, halirudi tena. Yai la kuchemsha huwezi kulirudisha kuwa bichi. Pakiti zao zimekazwa zisife kwenye moto, hiki hakikukazwa, tena kwa makusudi." Akageukia wengine. "Epueni lile pipa la pili. Tuliache lipoe mpaka kidole kivumilie."

Na uji wa pipa zima haupoi kwa kuombwa. Ilibidi wakae. Kama uji ule ungepoa upesi pengine hakuna ambaye angeuliza chochote. Wangekunywa, wangeimba, wangegawana mbegu, na Leokadia angejiambia kwamba alikuwa amekusudia kuwaeleza baadaye. Lakini walikaa, na mtu akikaa anafikiri.

"Na dumuzi?" sauti iliuliza.

Alikuwa Adelhelm, fundi wa mashine ya kusaga, mtu mfupi aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi. Hakuwa amecheka wakati wa gundi. Shamba lote liligeuka kumtazama, kisha likamtazama Leokadia.

Angeweza kusema dumuzi hana shida. Ilikuwa karibu kweli.

"Kwa sasa hawezi, Baba. Kimea hiki kinaamka kwenye joto tu, na tumboni mwa dumuzi hamna joto hilo. Lakini viumbe hubadilika. Inaweza kutokea siku kijidudu kimoja kikakiokota, kikakigeuza kifanye kazi kwenye baridi. Pengine isitokee maishani mwetu. Pengine itokee."

"Pengine," Adelhelm alisema.

"Siwezi kuapa."

"Mimi nilimzika mke wangu na mwanangu Osmunda kwenye shimo moja," Adelhelm alisema, "kwa sababu sikuwa na nguvu za kuchimba mashimo mawili. Na wewe unaniletea pengine."

Gaudensia aliziba mdomo kwa upande wa kitenge. Leokadia alitamani ardhi ipasuke, na papo hapo akajichukia kwa kutamani hivyo.

"Ndiyo, Baba, nimekuletea pengine," alisema. "Shirika limekuletea hakika. Hakika kwamba siku likifunga duka, utakufa njaa mahindi yako yamejaa ghalani. Hakika kwamba likikasirika, hamli. Hayo nayo hukuulizwa. Leo asubuhi wameamua kuchoma ulezi huu, na hawakukuuliza. Ningeweza kuupanda usiku nisikuulize na mimi. Nimekataa. Ndiyo maana nimesimama hapa nikitukanwa."

"Na ukikosea, nitakutafuta wapi? Wakubwa huwa hawapatikani."

"Hapa. Kwa shangazi yangu."

"Tutaona," alisema Adelhelm, akamgeuzia mgongo.

Gaudensia alimvuta mpwa wake kando. Alikuwa ameliona vumbi barabarani, gari la Shirika lile, hakuna mwingine anayekimbiza gari namna ile kwenye makorongo. "Shika njia ya bonde," alimnong'oneza. "Jioni utakuwa umevuka mpaka. Chukua gunia moja, mengine potelea mbali. Nenda, mwanangu!"

"Nimeshasema nitakuwa hapa."

"Ulikuwa unasema tu!"

"Hapana, shangazi. Sikuwa nasema tu."

Akaenda kwenye pipa la pili, akachovya kidole. Kikavumilia. Akanyunyiza mwenyewe safari hii kimea kilichokuwa kimebaki garini, akamkabidhi Batilda mwiko. Gari lilipofunga breki pembeni ya shamba, Batilda alikuwa akipiga ukelele, kwa maana mwiko ulikuwa umemponyoka nusura uzame. Uji ule mzito ulikuwa umelegea ghafla, unazunguka pipani kama maji ya mto. Akachota kwa kata, akaonja, akafumba macho.

"Jamani," alisema, na Batilda yule wa maneno mengi akakosa mengine.

Kata ilipita mkono kwa mkono. Wazee walikunywa na machozi yakawatoka bila aibu. Wadogo ambao hawakuwahi kuionja walinyang'anyana. Meinrad Tawete alikuja akiruka matuta kwa viatu vyake vizuri, walinzi nyuma yake, akasimama katikati ya sherehe ambayo hakualikwa.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti yake ile, "msishike mbegu hizo. Huyu hajawaambia hatari yake. Dumuzi..."

"Ametuambia," Gaudensia alisema.

Meinrad akamgeukia. "Amewaambia nini?"

"Kwamba dumuzi anaweza kujifunza, na kwamba hawezi kuapa. Wewe unaweza kutuapia kwamba pakiti hazitakosekana?"

Meinrad hakuapa. Tumpe haki yake: hakudanganya.

Gaudensia akalifungua gunia, akajaza ulezi kwenye pindo la kitenge, akaingia shambani. "Shamba langu limelimwa. Kilichobaki ni mbegu," alisema, akaanza kuzirusha kwa mkono, huku na huku, kama mama yake alivyozirusha. Batilda akamfuata. Kisha mwingine. Wachache walirudi nyuma, wakatikisa vichwa, wakakaa kando, na hakuna aliyewasuta. Waliobaki walishika majembe, wakawa wanafukia nyuma ya warushaji.

"Dokta aingie garini," Meinrad aliwaambia walinzi. "Na magunia yaliyobaki."

Wawili wakamshika Leokadia mikono. Hakuwavuta wala hakuwatukana. Alitembea nao hatua chache, mpaka mtu mfupi mwenye unga kwenye nyusi alipokuja kusimama mbele ya mlango wa gari. Adelhelm alikuwa mmoja wa wale waliokaa kando. Hakuwa ameonja togwa.

"Mwachieni."

"Fundi, wewe mwenyewe hutaki mbegu hizi," Meinrad alisema kwa mshangao. "Nimekuona."

"Sizitaki, na kwangu hazitapandwa. Lakini hawa wameshapanda, na udongo huo hautazitapika." Alimwelekezea Leokadia kidole. "Mwaka ule nilikwenda kwenye ofisi ya maghala kuuliza nani aliidhinisha zile dawa zisizoua. Nikaambiwa wahusika wamehamishwa. Wote! Mpaka karani! Mke wangu yuko ardhini, na wahusika wamehamishwa. Mkimchukua huyu, dumuzi akija nimuulize nani? Wewe utakuwa wapi?"

Meinrad aliinama kukung'uta udongo viatuni.

"Basi huyu hahamishwi," alisema Adelhelm.

Majembe yalikuwa yamenyamaza. Watu walikuwa wametoka shambani, waliopanda na waliokataa, wakasimama pamoja naye wakilizunguka gari, jembe begani. Walinzi walitazama majembe, wakamtazama Mkurugenzi. Mmoja akauachia mkono wa Leokadia, halafu mwingine.

"Umefukuzwa kazi," Meinrad alimwambia.

"Najua."

"Nitarudi na polisi."

"Njoo nao, Mkurugenzi. Utanikuta."

Gari liligeuka kwa tabu kwenye matuta, likaondoka bila Dokta wala magunia. Leokadia alitaka kumshukuru Adelhelm, akafungua mdomo. Fundi hakutaka kusikia. Aliokota jembe lililokuwa chini, akalitupa miguuni mwake.

"Shika ulime," alisema. "Na ole wako ukosee."